Ushindi 116, kisha ubingwa ukaenda kwa watani: je, Cubs ya 1906 iliuza fainali?

*"Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa tatu Chicago, nafanya kazi ya usafi katika hospitali moja upande wa magharibi wa jiji. Kazini tumegawanyika kama Simba na Yanga: wapo wa Cubs, wapo wa White Sox, timu mbili za besiboli za jiji hili. Mimi ni Cubs. Sasa kuna mzee mmoja wa White Sox kila siku ananitania kwamba 1906 tulikutana nao fainali, sisi tukiwa timu bora kuliko zote, na bado tukapigwa na timu isiyojua hata kushika gongo. Mwingine anasema ile fainali iliuzwa, ndiyo maana wachezaji wanane walifungiwa maisha. Nimefuatilia nikakuta kweli Cubs walishinda mechi 116 mwaka ule. Inawezekanaje timu kama hiyo ipoteze mechi nne kati ya sita bila mkono wa mtu? Nauliza pia kwa sababu nyingine: huwa naweka mkeka kwa timu yenye rekodi kubwa, na mikeka inachanika mfululizo. Kuna kitu sikioni?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili, na jibu lao linatoka mahali pamoja, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali kidogo. Unachotaka kujua hasa ni kama rekodi kubwa ni ahadi. Kama ni ahadi, basi aliyeshindwa akiwa nayo ameihujumu timu yake mwenyewe. Ndivyo wengi wanavyofikiri, si wewe peke yako.

Tuanze na tuhuma, maana ndiyo nzito. Mwenzako amechanganya fainali mbili. Iliyouzwa ni ya 1919, na waliouza si Cubs, ni White Sox, walipocheza na Cincinnati Reds na kushindwa mechi tano kwa tatu (mwaka ule mshindi alikuwa wa kwanza kufikisha tano). Wachezaji wanane wa White Sox walishtakiwa, mahakama ikawaachia mwaka 1921, na mara tu baada ya hukumu Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa kamishna wa besiboli, akawafungia maisha. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanane aliyekuwa kwenye kikosi cha 1906. Kinachounganisha miaka hiyo miwili ni jina la timu na mmiliki wake, Charles Comiskey. Kwa hiyo ukitupiwa tena lile neno la kuuza mechi, wewe shabiki wa Cubs una haki ya kucheka.

Kosa la pili ni dogo, lakini linakuhusu wewe kwa namna ya pekee. Siku hizi watani hawa hutajwa kama Kaskazini dhidi ya Kusini, kwa sababu Cubs wanacheza Wrigley Field. Mwaka 1906 Wrigley haikuwepo. Ilijengwa 1914 kwa ajili ya timu nyingine kabisa, na Cubs wakahamia 1916. Wakati wa fainali unayoiulizia, Cubs walikuwa watu wa Magharibi, uwanja wao ukiitwa West Side Grounds, kati ya barabara za Polk, Taylor na Wood. Pale leo pamejaa majengo ya tiba ya Chuo Kikuu cha Illinois. Kama hospitali yako iko kwenye mitaa hiyo, inawezekana kabisa kwamba korido unayoipiga deki iko juu ya nyasi alizokimbia Frank Chance, kocha mchezaji wa Cubs. White Sox walikuwa Kusini, South Side Park, barabara ya 39. Ilikuwa mara ya kwanza World Series, yaani fainali ya mabingwa wa ligi mbili kuu za besiboli, kuchezwa na timu mbili za jiji moja.

Sasa tuitazame hiyo rekodi. Cubs walishinda mechi 116 na kushindwa 36. Timu iliyowafuata kwenye Ligi ya Kitaifa, New York Giants, iliachwa nyuma kwa mechi 20. Warushaji wao, wale wanaomtupia mpigaji mpira, walikuwa balaa. Mkuu wao, Mordecai Brown, alikatwa kidole cha shahada na mashine ya shambani akiwa mtoto, na mkono ule uliobaki na kasoro ukawa unaupa mpira mzunguko usiotabirika. Watu wakamwita Vidole Vitatu. Mwaka ule alishinda mechi 26, akapoteza sita, na kwa wastani aliruhusu mkimbio mmoja tu hivi kwa mechi nzima. Mkimbio, kwa wasomaji wetu wengine, ndiyo pointi ya besiboli: mchezaji amezunguka vituo vyote vinne na kurudi alipoanzia.

White Sox, upande wa pili, walishinda 93 na kushindwa 58. Wastani wao wa kupiga ulikuwa 230 kwa kila majaribio 1,000, wa mwisho kabisa katika Ligi ya Marekani. Magazeti yakawabandika jina la maajabu wasiojua kupiga. Hapo ndipo mzee wako anapopata utani wake, na hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu namba hiyo inadanganya.

Wastani wa kupiga huhesabu mapigo safi tu, yaani mpigaji kufika kituoni salama kwa mpira alioupiga mwenyewe. Mrushaji akikosea shabaha mara nne, mpigaji hutembea bure hadi kituo cha kwanza, na wastani wake haupandi hata chembe. Mpigaji akijitoa mhanga, yaani akausukuma mpira taratibu ili yeye atolewe lakini mwenzake asogee kituo kimoja, wastani haumlipi chochote. Mchezaji akiiba kituo mrushaji akiwa anazubaa, wastani haujui. White Sox waliishi kwa mambo hayo hayo. Waliongoza ligi yao kwa kutembezwa bure. Mtu wa kwanza anatembea, wa pili anajitoa mhanga, wa tatu anapiga kimpira kibovu kinachopenya katikati ya walinzi, mkimbio mmoja umepatikana. Ndiyo maana timu ya mwisho kwa kupiga ilikuwa ya tatu kwa mikimbio katika ligi ya timu nane. Ukijumlisha na warushaji wao, Ed Walsh, Doc White, Nick Altrock na Frank Owen, mkimbio mmoja au miwili mara nyingi ilitosha. Mwezi Agosti walishinda mechi 19 bila kushindwa. Hiyo si timu ya kubahatisha.

Basi, mara ngapi timu ya 116 ingeifunga timu ya 93? Fanya hesabu nami polepole. Cubs walishinda takriban asilimia 76 ya mechi zao, lakini dhidi ya nani? Dhidi ya ligi nzima, ikiwemo Boston waliopoteza mechi 102 mwaka ule. White Sox walishinda asilimia 62 ya zao. Ukizikutanisha timu hizo mbili na kuchukulia kwamba ligi zao zilikuwa na nguvu sawa, uwezekano wa Cubs kushinda mechi moja unashuka hadi theluthi mbili hivi. Siku moja katika kila tatu, White Sox anashinda, na wala hakuna cha kushangaza.

Ukiichukua theluthi mbili hiyo na kuipeleka kwenye mfululizo wa mechi saba, anayefikisha nne ndiye bingwa, Cubs wanatwaa ubingwa takriban mara tano katika kila sita. Mara moja katika sita wanaukosa, tena bila kulewa, bila rushwa, bila mchawi. Timu hizo zingekutana fainali miaka sita mfululizo zikiwa vile vile, tungetarajia White Sox waondoke na kombe moja. Oktoba 1906 lilikuwa hilo moja.

Hesabu hiyo inaeleza kwamba iliwezekana. Haielezi ilivyotokea, na ilivyotokea ndiyo tamu.

Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 9 Oktoba, West Side, baridi ikiuma na vipande vya theluji vikidondoka. Kwenye baridi ya namna ile mpira unakuwa kama jiwe na mikono ya mpigaji inakufa ganzi, kwa hiyo timu yenye wapigaji wazuri inapoteza zaidi kuliko ile isiyowategemea. Brown na Altrock kila mmoja aliruhusu mapigo safi manne tu. White Sox 2, Cubs 1. Mwenye mchango mkubwa alikuwa George Rohe, mchezaji wa benchi ambaye asingecheza kabisa kama George Davis, mlinzi wao tegemeo, asingekuwa mgonjwa. Rohe alipiga mpira uliomfikisha kituo cha tatu, akarudi na mkimbio wa kwanza.

Siku ya pili Cubs walijibu 7 kwa 1, Ed Reulbach akiruhusu pigo safi moja tu mechi nzima. Siku ya tatu ikawa zamu ya Walsh, mtaalamu wa mpira wa mate. Enzi hizo ilikuwa halali kuupaka mpira mate ili udondoke ghafla ukimkaribia mpigaji. Aliwatoa Cubs 12 bila wao kuweka mpira uwanjani, akawaruhusu mapigo mawili. Kwenye zamu ya sita ya kupiga, kati ya tisa za mechi, White Sox walijaza vituo vyote: pigo moja, kutembezwa mmoja, na Ed Hahn aliyegongwa na mpira usoni. Wawili wakatolewa, Cubs wakaanza kupumua. Akaja tena Rohe, akapiga mpira mrefu, wote watatu wakarudi. Mechi ikaisha 3 kwa 0. Siku ya nne Brown akashinda 1 kwa 0.

Simama hapo uitazame hali ilivyo. Baada ya mechi nne, White Sox wana mapigo safi 11 tu kwa jumla, idadi ambayo timu nzuri huipata katika mechi moja, na matokeo ni mbili kwa mbili. Kama kuna mtu alikuwa anahujumu, basi alikuwa ana subira ya ajabu. Na usidhani Cubs walikuwa wanapiga vizuri zaidi: mwisho wa fainali wastani wao ulikuwa 196, wa White Sox 198. Jimmy Sheckard wa Cubs alijaribu mara 21 na hakupata pigo safi hata moja.

Halafu maajabu wasiojua kupiga wakapiga. Mechi ya tano walifanya makosa sita ya ulinzi, makosa ambayo kwa kawaida yangewazika, lakini wakashinda 8 kwa 6. Frank Isbell alipiga mapigo manne ya kufika kituo cha pili, rekodi ya World Series isiyovunjwa hadi leo. Uwanja ulikuwa umefurika, mashabiki wamesimama ndani ya uwanja kule nyuma, na mpira ulioingia kwenye umati ulihesabiwa vituo viwili.

Mechi ya sita ndiyo ninayoilaumu mimi, na hapa ni maoni yangu, si hesabu. Chance alimrudisha Brown. Brown alikuwa amerusha mechi nzima tarehe 9, nyingine nzima tarehe 12, na sasa ni tarehe 14, amepumzika siku moja. Naelewa kwa nini: ukiwa nyuma tatu kwa mbili unamtafuta mtu wako bora. Lakini mtu wako bora akiwa hoi si tena mtu wako bora. White Sox walipata mikimbio mitatu zamu ya kwanza na minne zamu ya pili, Brown akatolewa kabla zamu hiyo haijaisha. Matokeo 8 kwa 3. Wapo wanaosema Cubs walishindwa kwa kiburi, na wapo wanaoitaja ile mechi ya mwisho ambapo Frank Schulte alilalamika kwamba alisukumwa kwenye umati alipokuwa akiufuata mpira. Kiburi hakipimiki. Kusukumwa huenda kulimgharimu mkimbio au miwili, lakini tofauti ilikuwa mitano. Kama unataka kumlaumu binadamu, uchovu wa mkono wa Brown ni maelezo yenye miguu kuliko yote hayo.

Na jambo hili halikuisha na enzi za mipira ya mate. Mwaka 2001 Seattle Mariners nao walishinda mechi 116, wakaondolewa na New York Yankees mechi nne kwa moja kabla hata ya kufika World Series. Msimu mrefu unapima nani bora. Mfululizo wa mechi saba unapima nani ameshinda nne wiki hiyo.

Sasa mkeka wako.

Unachokiona wewe, yaani kwamba timu fulani ina rekodi kubwa, mwenye duka la kubeti amekiona kabla yako na amekiingiza kwenye bei. Chukua mfano wa odi ya 1.45 kwa timu inayoshinda theluthi mbili ya wakati. Unaweka dola 100 kwenye mechi tatu. Unashinda mbili, kila moja inakupa faida ya dola 45, jumla 90. Unapoteza moja, zimekwenda 100. Umebashiri vizuri mara mbili kati ya tatu, na bado umetoka na hasara ya dola 10. Ukiziunganisha mechi tano au sita kwenye mkeka mmoja ndiyo mbaya zaidi: timu tano za uhakika wa theluthi mbili zote zishinde siku moja hutokea chini ya mara moja na nusu katika kila mikeka kumi. Mikeka yako haichaniki kwa mkosi, inachanika kwa kuzidisha.

Utaniuliza, vipi nikimwangalia mrushaji wa siku hiyo badala ya rekodi ya timu? Ni njia bora ya kuuelewa mchezo, tena nakuhimiza, kwa sababu besiboli kila siku ni timu mpya kutegemea nani ameshika mpira. Ila haitakupa pesa. Hilo nalo limo kwenye odi. Una njia tatu za kweli: kuacha, kubeti kiasi kidogo ambacho tayari umekihesabu kama nauli ya burudani na hutakililia, au kuendelea kama sasa na kulipia. Mimi ningechagua ya kwanza, na wa ya pili simlaumu.

Lakini kuna kipimo ambacho mimi kwa barua siwezi kukufanyia. Kama umeanza kuongeza dau ili kurudisha ulichopoteza, kama umegusa kodi ya nyumba au pesa ya kutuma nyumbani, kama unaficha simu mkeo asione, basi suala limetoka kwenye michezo. Usinisubiri mimi. Hospitali nyingi zina huduma ya ushauri kwa wafanyakazi wake, na hiyo ni kwa wafagiaji kama ilivyo kwa madaktari; nenda ukaulize ofisi ya wafanyakazi kama kwenu ipo, au mwone daktari wako. Bodi ya michezo ya kubahatisha ya jimbo la Illinois pia ina utaratibu wa mtu kujiandikisha mwenyewe azuiwe kubeti. Kama unaona aibu kuanzia kwa wageni, anza na mtu mmoja mzima wa jamii yetu unayemwamini, umkalishe, umwambie kiasi halisi. Kiasi halisi, si nusu yake.

Na ukitaka kuiona fainali yenyewe kwa macho, siku ya mapumziko nenda Maktaba ya Harold Washington pale katikati ya jiji, uwaombe wahudumu magazeti ya Chicago ya Oktoba 1906. Anza na jedwali la mechi ya tatu, uitafute safu ya Rohe. Mwaka uliofuata, 1907, ndio uliokuwa wa mwisho kwake katika ligi kuu.

Kuhusu mzee wako: mkubalie 1906, ni haki yao, waliishinda kihalali. Kisha mkumbushe kwamba Cubs wale wale walichukua ubingwa 1907 na tena 1908, wakati White Sox walisubiri hadi 1917, na kwamba timu hizi hazijakutana tena fainali, kwa hiyo utani wake una mechi sita tu za kuegemea. Akianza kuhesabu miaka kutoka 1908 hadi 2016, ule ukame wa Cubs bila ubingwa, mwambie muda wa mapumziko umekwisha, urudi kazini.